Fremu ya namba ichaguliwe kwa mgongo wake

Mhariri,

Kazi yangu ni kunyoosha bodi na kupiga rangi, kwa hiyo magari mengi nayajua sura kabla sijamjua mwenyewe. Naomba nafasi gazetini niseme neno juu ya kitu ambacho wenye magari hawakitilii maanani mpaka wameshaletewa hesabu ya rangi: fremu inayoshikilia namba ya mbele.

Mtu akienda kununua fremu hutazama sura. Huuliza kama ipo ya rangi ya fedha, kama ipo nyeusi ya kung'aa, kama itaendana na grili. Mimi husema igeuze kwanza. Habari zote ziko mgongoni. Fremu ya plastiki iliyo tupu nyuma, isiyo na hata kipande cha sponji, huligusa bampa kwa pembe zake tu. Gari likitembea, fremu inatetemeka. Vumbi linapenya katikati, na vumbi lenye mchanga likisuguliwa juu ya rangi ni msasa mtupu. Nikifungua fremu ya namna hiyo nakuta mambo yale yale: mikwaruzo miwili iliyopinda kwenye pembe za chini, rangi imelika mpaka plastiki ya bampa inachungulia, na tope lililokauka limejaza nafasi yote iliyobaki. Kwa mbele fremu hiyo hiyo ilikuwa inametameta.

La pili ni kipimo, na hapa ndipo unadhifu wa uso wa gari unapoharibika zaidi. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina kitako cha namba ya huko, ambayo ni milimita 330 kwa 165, fupi na pana kwenda juu. Namba ndefu zinazotumika Ulaya na nchi nyingine nyingi ni milimita 520 kwa kama 110. Ukiifunga namba ndefu kwenye kitako kifupi, karibu sentimita kumi kila upande zinabaki hewani, na bampa lenyewe limejikunja kurudi nyuma. Hapo fundi mwenye haraka huikunja namba kwa goti ilale na bampa. Ikikunjwa hivyo, ule utando unaorudisha mwanga wa taa hufanya mikunjo, hunyanyuka, maji huingia chini yake, na haupiti muda herufi zinaanza kubabuka. Dawa ni bati au plastiki ngumu ya kati: inakamatwa na matundu ya zamani ya kitako, halafu yenyewe inaibeba namba urefu wake wote. Iwe fupi kuliko namba kidogo ili ijifiche nyuma yake. Ukiona kingo zake zinatokeza, hiyo si saizi yako.

Nasisitiza matundu ya zamani. Bampa ni plastiki, drili inapita kama mchezo, na ndiyo maana watu hawafikirii. Lakini nyuma ya plastiki hiyo kuna nyaya za taa na za sensa (vihisi vya kuonya gari likikaribia kitu), na kwa baadhi ya magari rejeta haiko mbali. Skrubu ndefu haijui hayo. Na tundu likishatobolewa, kuliziba kwa kizibo ni kuficha tu. Kuliondoa ni kuchomelea plastiki, kusugua, na kupaka rangi bampa zima ili lisionekane lina kiraka. Hiyo kazi inanipa riziki, lakini sioni raha kuifanya kwa ajili ya fremu.

Kuna fremu za sumaku na za utepe wa kunata kwa wasiotaka kutoboa. Ni safi kwa macho. Sumaku inahitaji kitu cha chuma cha kushika, na bampa la plastiki halina, kwa hiyo vipande vya sumaku lazima navyo vibandikwe au vifungwe kwa skrubu. Utepe unategemea jinsi bampa lilivyosafishwa kabla ya kubandika. Nta ya kung'arishia ikibaki, unabanduka wenyewe. Na kitu kinachotoka kwa mkono wako kinatoka pia kwa mkono wa mwizi. Hata fremu za kawaida za kubana kwa klipu zina udhaifu: klipu hukauka kwa jua, na gari likikata maji ya mvua barabarani, maji yanaingia nyuma ya namba na kuisukuma itoke. Watu wengi wamepoteza namba kwa njia hiyo wakadhani wameibiwa.

Sasa maandishi. Fremu nyingi zina ukingo mpana chini wenye jina la aliyeuza gari. Umelinunua gari kwa fedha yako, halafu unamtangazia mtu biashara bure kila uendako! Ukingo huo ukipanda kidogo tu unakula miguu ya herufi, na hapo si suala la urembo tena, maana askari na kamera wote wanataka herufi nzima. Vile vifuniko vya plastiki angavu navyo sivipendi. Jua huvifanya vya njano, na mwanga unavipiga namba isisomeke.

Ukiniuliza ninachokifunga mimi, ni kitako chembamba kisicho na ukingo wa mbele kabisa, chenye sponji mgongoni, na matundu marefu kidogo ili uweze kuisogeza namba mpaka ikae katikati sawasawa. Namba inafungwa juu yake kwa skrubu mbili zisizoshika kutu, na washa (kipete chembamba) ya nailoni ili chuma kisigusane na alumini moja kwa moja. Vichwa vya skrubu navivalisha vikofia vya rangi ya namba au ya herufi, kutegemea vimeangukia wapi. Kabla ya kukaza natazama sensa za bampa na kamera ya mbele, kama ipo: kitu kikitokeza mbele ya sensa, gari litapiga kelele hata uwanja ukiwa mtupu. Nikimaliza naligonga bampa kwa kiganja. Likilia kwa mlio wa plastiki inayocheza, nafungua naanza upya.

Wauzaji wa magari nawaomba jambo moja. Kabla hamjashika drili kufunga fremu yenye jina lenu, mwulizeni mteja. Akikataa, mkabidhini gari na namba zake mkononi, aende kwa fundi wake.

Fundi wa bodi na rangi,
msomaji wenu wa siku nyingi