Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: fomu ya kliniki inauliza sigara tu

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mkunga. Kila siku ya kliniki nawauliza wajawazito swali lililochapishwa kwenye fomu: "Unavuta sigara?" Mama anajibu hapana, naweka alama, tunahamia kwenye presha. Mmoja alinijibu hivyo huku mdomo wa chini umetuna. Nilipomwomba nione fizi, alichokoa ugoro kwa kidole, akaufutia kwenye leso. Hakunidanganya. Sigara kweli havuti.

Alijifungua miezi imetimia. Usiku wa pili mtoto akaanza kukatika pumzi: kifua kinatulia, midomo inageuka rangi, nasugua unyayo, anashtuka, anavuta hewa. Mara tatu kabla ya alfajiri. Siwezi kuapa kwamba ni ugoro. Mtoto mmoja hathibitishi kitu. Lakini huko Uswidi watafiti walipitia kumbukumbu za watoto zaidi ya 600,000 waliozaliwa kati ya 1999 na 2006. Watoto ambao mama zao walitumia ugoro wakiwa wajawazito walikuwa katika hatari karibu maradufu ya kukatika pumzi wakiwa wachanga, hata baada ya kuzingatia waliozaliwa njiti.

Moshi haupo, nikotini ipo. Inapenya kwenye fizi, inaingia kwenye damu, inavuka kondo la nyuma, kisha inavuruga ukuaji wa mapafu na ile sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua. Kinachoniuma ni wale walioacha sigara kwa ajili ya mimba, wakahamia ugoro wakidhani wamemwokoa mtoto. Nao hatuwaulizi.

Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo mwaka 2013: kila mjamzito aulizwe kuhusu tumbaku ya aina zote, mapema, na kila anapohudhuria. Naomba fomu isomeke: "Unatumia tumbaku, iwe ya kuvuta, kunusa, kutafuna au kuweka mdomoni?" Anayejibu ndiyo asikaripiwe, maana akikaripiwa leo, kesho atajibu hapana. Apewe ushauri wa kuacha, na wodini tujue mapema ni mtoto gani wa kuchungwa usiku.

Kwa sasa naliandika swali hilo kwa kalamu pembeni mwa fomu. Msimamizi wangu ameshanionya kwamba fomu za serikali hazichorwi-chorwi.

Wako mtiifu,
Mkunga, wodi ya wazazi