Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mipango Miji: Tuachie huo mti mmoja

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini u mzima na kazi zinakwenda. Najua zinakwenda, maana Jumanne asubuhi nilizikuta uwanjani zikinguruma kwa misumeno.

Nazungumzia ule uwanja ulio mkabala na hospitali. Kwenye ramani yako umeandikwa "eneo la wazi", na nadhani mtu wa ofisi akisoma hivyo huelewa kuwa hapana kitu. Mama yangu alilazwa miezi mitatu. Kila madaktari waliponiambia neno ambalo kifua changu hakikuweza kulibeba, nilivuka barabara nikakaa chini ya ile miti saba. Sikuwa peke yangu. Palikuwa na mzee na tasbihi yake, mama mmoja aliyeinamia rozari, na kijana ambaye sidhani kama ana dini yoyote. Yeye alitazama majani tu. Hatukuwahi kujuana majina. Siku mama alipofariki, nilijikuta nimeketi pale kabla sijampigia mtu simu.

Sasa umebaki mti mmoja, nao umepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Kibao kinasema patakuwa maegesho ya magari.

Nikukumbushe kwa unyenyekevu: mwaka juzi, katika mkutano wa wananchi, ulisimama ukasema eneo lile halitaguswa wakati wa uongozi wako. Tulikupigia makofi, mimi nikiwamo. Pengine umetimiza ahadi: halikuguswa, limekatwa tu.

Nimefika ofisini kwako mara tatu bila kukuona. Mara ya tatu kijana wako alinieleza, kwa adabu kabisa, kwamba mambo ya kiroho yameshatengewa viwanja: cha msikiti kipo, cha kanisa kipo. Sawa. Lakini mtu aliyetoka kuambiwa mwanawe hataishi hatafuti ratiba ya ibada. Mwingine siku hiyo hiyo amegombana na Mungu wake, hawezi kuingia nyumbani kwake.

Usidhani haya ni maneno ya mfiwa tu. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo yake kuhusu wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo: waliokuwa na dirisha linalotazama miti waliruhusiwa mapema, na walihitaji dozi chache zaidi za dawa kali za maumivu kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Helsinki nao, mwaka 2012, walijenga kikanisa cha mbao huko Kamppi, katikati ya jiji, hatua chache kutoka madukani. Hakikujengwa kwa ajili ya harusi wala ubatizo. Mtu anaingia, anakaa kimya, anatoka. Na lile bango la Malengo ya Maendeleo Endelevu mlilolitundika mapokezi (nimelisoma lote, nilikuwa na muda wa kutosha), lengo la 11 linataka ifikapo 2030 kila mtu afikie maeneo ya wazi yenye kijani. Bango ni zuri. Limewekewa hadi fremu.

Nahisi shida ni kwamba mtu anayekaa kimya hakati tiketi, gari hukata. Kama kuna sababu nyingine, tungeisikia kabla ya misumeno.

Mwanzoni nilikusudia kuomba uwanja wote urudi. Kisha nikasema niombe mti na mabenchi mawili. Nikasema basi, benchi moja. Mheshimiwa, hata benchi liache, tutakaa kwenye mizizi. Ifute hiyo alama nyekundu. Mti mmoja unachukua nafasi ya gari moja, pengine mawili madogo.

Mkandarasi ametuambia anarudi Jumatatu. Leo ni Ijumaa. Tafadhali, ifute hiyo alama.

Wako katika ujenzi wa mji,
Mlipa kodi aliyefika ofisini kwako mara tatu