Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani: nyumba za mawe zipigwe lipu ya chokaa

Ndugu Mkurugenzi,

Tunaomba jambo moja: kila kibali cha kukarabati nyumba ya mawe Mikindani kiwe na sharti la kutumia chokaa badala ya saruji.

Mji huu ulipokea misafara ya bonde la Ruvuma na Ziwa Nyasa. Ndipo David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho bara, mwaka 1866. Bandari mpya ilipoanza kujengwa Mtwara kwa ajili ya mradi wa karanga wa wakoloni Waingereza, mwishoni mwa miaka ya 1940, biashara ilihama na Mikindani ikakosa fedha za kubomoa na kujenga upya. Umaskini huo ndio uliozinusuru kuta hizi. Zisije zikafa kwa kukarabatiwa.

Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe; yana vitundu, hufyonza maji ya ardhini pamoja na chumvi yake. Chokaa huacha unyevu utoke, saruji huufungia ndani. Chumvi hugandia nyuma ya lipu na kuisukuma, mwishowe hubanduka mabamba kwa mabamba, uso wa jiwe ukiondoka nayo. Mwenye nyumba akiona hivyo huongeza saruji, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huanza kuoza. Dari ikishuka, watu husema nyumba ilikuwa imezeeka tu.

Chokaa ya mifuko ilowekwe kwenye pipa wiki mbili au zaidi, maji yakiifunika, hadi iwe laini kama uji mzito. Changanya ndoo moja ya chokaa na tatu za mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni unarudisha chumvi ileile. Ukuta ulowanishwe kwanza, lipu ipigwe kwa matabaka yasiyozidi sentimita moja, kisha ifunikwe magunia mabichi kama siku saba. Ikikaushwa na jua upesi hupasuka na kuwa unga. Saruji ya zamani itolewe kwa patasi taratibu. Ilipong'ang'ania kiasi cha kung'oa jiwe, iachwe.

Milango nayo isisahauliwe: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940. Ipigwe picha na kuorodheshwa kabla fundi hajagusa ukuta.

Mvua kwetu hukatika karibu na Mei. Vibali vikitoka wakati huo, lipu itapata kiangazi chote kukomaa kabla ya Novemba.

Ni sisi, waashi na wakazi wa Mikindani