Harambee ya boti ya doria: tengefu yetu inaingiliwa usiku

Assalam aleikum ndugu zetu, na Bwana asifiwe kwa wale wa upande wa kanisa. Wazee wetu, mama zetu, vijana mlioko Mombasa, Nairobi, mpaka mlioko Doha na Jeddah, ujumbe huu ni wenu nyote, tunaomba msome mpaka mwisho halafu kila mtu amtumie mwenzake.

Tunaandika kwa haya kidogo manake harambee ya mwisho haina muda mrefu na mlijitolea sana, Mungu awalipe. Lakini boti ya doria inayolinda tengefu yetu, ile sehemu ya bahari tuliyoifunga isivuliwe, imekwisha. Mbao za chini zimeoza, kalafati ya kuziba nyufa haishiki tena, fundi ametia mpaka ametwambia tusimwite, na vijana wetu wakitoka usiku mmoja wao kazi yake ni kukumba maji kwa kopo la rangi mpaka alfajiri huku wenzake wanaangalia mwamba. Injini nayo inazima ikipenda. Juzi juzi ilizima nje ya mwamba upepo umechafuka, wakapiga makasia mpaka mikono ikatoka malengelenge, Alhamdulillahi walirudi wote. Kesho yake mama zao wakaja mbele ya kamati wakasema hawa watoto hawatoki tena na boti hii, na kamati haikuwa na la kuwajibu. Tangu siku hiyo hakuna doria ya usiku.

Na wenye juya, ule wavu mkubwa wa kukokota, wameshajua. Habari baharini inafika haraka kuliko simu. Wanaingia maji yakijaa, taa wamezima, wanazungusha wavu ndani ya tengefu kabisa na kuukokota chini, na mnajua juya likikokotwa halichagui, linavunja matumbawe, linang'oa nyasi za bahari, linaleta tafi wa ukubwa wa kidole na vichangu ambavyo havijataga hata mara moja. Asubuhi akina mama wakienda ufukweni wanakuta vipande vya matumbawe vimetupwa na vile visamaki vidogo ambavyo hata paka amevikataa. Juya lilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, kila mvuvi wa pwani ya Kwale anajua, lakini nani atalizuia ikiwa wenye kulinda wako nchi kavu?

Kwa wale vijana ambao labda hawajui tulitoka wapi. Wazee wanakumbuka mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Niño, maji yalipopata joto kupita kiasi na mwamba wote ukageuka mweupe. Tumbawe ni kiumbe hai na ndani yake mna mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, huo mwani ndio unaompa rangi na sehemu kubwa ya chakula, sasa maji yakizidi joto anautoa nje, anabaki mweupe, na joto lisiposhuka mapema anakufa njaa. Mwaka ule matumbawe mengi ya pwani yetu yalikufa, Tanzania na Ushelisheli pia. Hali hiyo ikarudi 2016, na 2024 wanasayansi wakatangaza kwamba dunia nzima imeingia tena kwenye weupe huo kwa mara ya 4. Hilo joto hatulileti sisi wenye ngalawa, linatoka kwa moshi wa viwanda na magari ya dunia, na kwa harambee hatuwezi kulipunguza, tuseme ukweli.

Lakini kuna tunaloliweza. Mwamba ulioumia unataka samaki wake ili upone. Pono na tafi kazi yao ni kula majani yanayoota juu ya matumbawe yaliyokufa, wakila wanaacha jiwe safi na tumbawe changa linapata mahali pa kushika, tukiwamaliza hao majani yanafunika kila kitu. Kikande naye anakula wale viumbe wa miiba ambao ukiwakanyaga unachechemea wiki nzima, kikande akivuliwa akaisha wao wanazidi na wanautafuna mwamba mpaka unalainika kama muhogo uliooza. Watafiti wamelifuatilia jambo hili hapa hapa pwani ya Kenya kwa miaka mingi. Na tewa, huyu tunayempenda sote kwa supu, anaanza maisha akiwa jike, mpaka awe mkubwa ndio anageuka dume, kwa hiyo ukivua wakubwa wote umewaacha majike bila waume, watazaa na nani?

Ndio maana tulifunga ile sehemu. Hatukuwa wa kwanza, Kuruwitu kule Kilifi walitenga hekta 30 mwaka 2005, watu waliwacheka, leo watu hao hao wanakwenda kujifunza kwao. Jirani zetu wa Wasini wako karibu na hifadhi ya Kisite wanajua faida ya samaki wanaozaliana ndani halafu wanatoka nje. Gazi nao tangu 2013 wanalipwa kwa kulinda mikoko, pesa imeleta maji na vitabu vya shule. Sasa sisi wa hapa tuna upungufu gani?

Na matunda tumeyaona jamani. Wenye malema, ile mitego ya samaki ya kusuka, wanaotega pembeni ya mpaka wa tengefu wamekuwa wakipata tafi wa maana, na wengi wamekubali kuweka ule mlango mwembamba kwenye lema ili wadogo watoke. Wazamiaji wameona tewa wakubwa ambao watoto wetu walikuwa wanawasikia kwa hadithi tu. Yote hiyo ni sadaka zenu. Ile boti mlinunua nyinyi, kuna mzee alitoa mavuno yake ya siku nzima yakapigwa mnada, kuna watoto wa shule walileta shilingi kumi kumi, akina mama wakauza mahamri kuanzia alfajiri. Kuiacha izame sasa hivi ni kuwavunja moyo hao watoto.

Na tusiwalaumu wageni peke yao. Ndani ya kijiji hiki hiki kuna nyumba zinavua vidagaa kwa chandarua cha serikali, tunazijua. Kuna wanaotia nanga juu ya matumbawe na kamba ya boya iko hatua chache tu, kuna wanaokwenda pweza maji ya bamvua wanapindua mawe na hawayarudishi, na kuna wanaokata wavu ukinasa wanauacha chini unaendelea kuua samaki ambao hakuna anayewala. Imamu amelisema msikitini, mchungaji amelisema kanisani, Mungu ametuweka duniani tuwe walinzi si waharibifu, na aliyeshikwa na chandarua kamati itamwita kwa heshima mbele ya wazee, hakuna mkubwa wala mdogo.

Haraka yetu ni kaskazi. Upepo wa kusi ukishatulia bahari inakuwa shwari na kila chombo kinafika mwambani, na ndio msimu tafi wa upande wetu wa Msambweni wanakusanyika kutaga mwezi ukishapevuka. Mvuvi yeyote mkongwe anajua mahali penyewe. Juya moja likipita pale usiku wa kukusanyika, tutavua maji matupu mwaka unaofuata. Kwa hiyo boti inatakiwa iwe majini kabla ya kaskazi kushika.

Hesabu ni hii. Boti ya faiba shilingi 420,000, tumeachana na mbao manake hatuna tena mtu wa kuitia kalafati kila mwezi. Injini ya nguvu farasi 15, shilingi 290,000. Maboya ya mpaka na ya kufungia vyombo pamoja na minyororo, 95,000, manake ya zamani kusi limeyachukua mengi. Jaketi za kuokolea na tochi, 45,000. Jumla 850,000. Mkononi tuna 210,000 kutoka kwa ada za wanachama na kikundi cha akina mama, bado 640,000. Petroli tutajichangia wenyewe wavuvi kwa kila kilo inayopimwa bandani, hilo limeshapitishwa.

Pesa zinaingia akaunti ya BMU, yaani kikundi chetu cha kusimamia ufuo, yenye sahihi tatu, na kila risiti itabandikwa kwenye ubao wa bandani pale panapopimwa samaki. Anayetaka kukagua daftari aje siku yoyote baada ya alasiri.

Tena kwa upole kabisa: kuna ahadi za harambee iliyopita bado zimelala kwenye daftari. Majina hatutayasoma, kila mtu anajijua, lakini kama wewe ulisimama ukapigiwa makofi kwa elfu kumi na hujaituma, leo ni siku nzuri. Na nyinyi mlioko mjini mnaopiga simu kila mkija likizo mnataka tafi wa kukaanga na changu wa kupaka, samaki hao wanatoka hapa, chochote mtakachotuma kitapokelewa, hata mia mbili. Mwenye injini ya zamani, kamba, boya au utaalamu wa faiba pia tunamhitaji, si lazima pesa.

Harambee ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, bandani, baada ya sala ya adhuhuri. Nambari ya M-Pesa ya kikundi iko kwenye group la WhatsApp la kijiji, hakikisha jina linalotokea ni la kikundi kabla hujabonyeza. Samaki tulioahidiwa na wenye malema watapigwa mnada hapo hapo kwa hiyo njooni na vikapu, na boti ya zamani tutaipandisha juu ya mchanga kila mtu aione mwenyewe ilivyo chini.

Wenu, kamati ya BMU kwa niaba ya wavuvi na akina mama wa ufukweni.