Halima, hujapona bado

Halima wangu,

Vipi hali, wa nyumbani wote wazima? Mimi niko salama ila ile voisi yako imeninyima usingizi. Maneno matatu, unavuta pumzi, matatu tena, unavuta, na unasema umekaa tu! Halafu unamalizia eti umepona kwa sababu eksirei imetoka safi. Hapana jamani.

Nimeuliza na kusoma sana. Iwe korona au mafua makali, virusi vikiyashambulia mapafu hadi mtu akawekewa oksijeni kama wewe, vile vifuko vidogo vya hewa vinaumia, na vikipona wakati mwingine vinaacha makovu, penye kovu panakakamaa na oksijeni inaingia kwenye damu kwa shida. Eksirei inaweza isiyaone kabisa, hata kile kipimo cha kupuliza kikatoka sawa. Waambie wakupime ukiwa unatembea! Kipo kipimo cha kutembea dakika 6 na oksimita kidoleni, kile kifaa cha kupima oksijeni ya damu, maana umekaa unaweza kusoma asilimia 97 ila ukitembea inaporomoka. Kuna na kingine cha kuangalia hewa inavyopita toka mapafuni kwenda kwenye damu, hicho ukiulizie kabisa, na wakiona vipi wakufanyie CT skani, ile picha inayoonyesha mapafu kwa undani kuliko eksirei.

Sikutishi, wengi wanazidi kupata nafuu miezi na miezi. Kule China kuna wahudumu wa afya waliougua SARS, ule ugonjwa wa mapafu wa virusi jamii ya korona, mwaka 2003 wakafuatiliwa miaka 15, makovu yalipungua sana mwaka wa kwanza, baada ya hapo yaliyobaki yakabaki vilevile. Sasa wewe mwaka wako wa kwanza ndo huu unaupoteza kwa kusema umepona! Fiziotherapia ya mapafu inasaidia kweli, kupumua kwa mpangilio, kutembea kidogokidogo, ila uanze na mtu anayejua.

Na Rehema asikupe vile vidonge vyake vya steroidi, dawa za kutuliza kuvimba, alivyobakiza, najua ana roho nzuri lakini hizo zinawafaa baadhi tu, wale ambao mapafu bado yamevimba kwa ndani, na hilo anaamua daktari.

Kikohozi kikavu bado kipo? Ngazi unapanda ngapi ndo usimame? Usiku unalala vizuri au unaegemea mito? Kifua kinachoma, mguu mmoja umevimba? Hayo mawili ukiyaona usingoje, nenda siku hiyohiyo maana inaweza kuwa damu imeganda. Na kliniki unaenda lini, Juma atakusindikiza au nije mimi?

Nijibu leo leo tafadhali.

Wako,
Zuhura