Wauzaji wa lenzi waseme wazi: ina mota au haina?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaandikie vijana wanaoingia kazi ya picha hapa Kampala, na zaidi wale wanaowauzia lenzi.

Kijana akishaizoea lenzi ya zumu iliyokuja na kamera, hutafuta lenzi isiyo na zumu, mara nyingi 50mm f/1.8 (f ni kipimo cha tundu la kuingizia mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ili apate mwanga wa kutosha ndani ya hema la kwanjula, sherehe ya binti kumtambulisha mchumba kwao. Dukani anakuta za aina mbili: inayojifokasi yenyewe (mota huizungusha hadi picha iwe safi) na ile ya zamani ya kuzungusha kwa mkono. Ya mkono ina bei nafuu na ni ya chuma kitupu, basi anaambiwa zote ni sawa. Si sawa hata kidogo. Jambo la kwanza kuulizwa ni kamera gani anayo.

Wenye Nikon ndio wanaoumia zaidi. D3200, D3500, D5300 na ndugu zake hazina mota ya fokasi ndani. Ukizifunga 50mm f/1.8D, lenzi isiyo na mota yake, inakaa vizuri na mwanga inapima, ila haijifokasi. Utabaki ukizungusha pete huku ukisubiri kitone cha kijani kwenye dirisha la kutazamia. Kamera hizo zinataka lenzi iliyoandikwa AF-S, yenye mota yake. Ile ya D inafaa kwa D7000 na D7200, ambazo zina mota.

Kwa Canon, mota imo ndani ya lenzi tangu mfumo wa EF ulipoanza mwaka 1987. Tatizo ni lenzi za FD, za Canon za kuzungusha kwa mkono, za kabla ya hapo. FD imeundwa kukaa milimita 42 kutoka kwenye filamu, EF milimita 44, kwa hiyo ukiongeza adapta tupu (kiunganishi kisicho na kioo) vitu vya mbali havishiki fokasi kamwe. Adapta yenye kioo huondoa kasoro hiyo, lakini kioo chenyewe hupunguza ubora wa picha. Kwa kamera mpya zisizo na kioo cha ndani, Sony E (milimita 18) na Canon RF (milimita 20), adapta tupu inatosha. Ila washa kwenye menyu ruhusa ya kupiga bila lenzi, la sivyo kamera inaweza kukataa kufyatua nawe ukadhani imekufa.

Halafu kuna kazi yenyewe. Kwa 85mm f/1.8 kwenye kamera ya sensa kubwa (full-frame), mtu akiwa mita 2, eneo linaloshika fokasi ni kama sentimita 6 tu: jicho liko safi, sikio lina ukungu. Kwenye kwanjula binti anapiga magoti, anainuka, senga, yaani shangazi yake, anakatiza mbele yake. Kuyafuata hayo kwa mkono ni kupoteza picha za watu waliolipa. Hata dirisha la kutazamia la kamera za DSLR, zenye kioo cha ndani, linadanganya, kwani skrini zake nyingi za siku hizi hazionyeshi ukungu halisi wa tundu kubwa kuliko f/2.8 hivi. Unaona imeshika, ukifika kwenye kompyuta haijashika. Kwa kazi hii nunua yenye mota, weka AI Servo (Canon) au AF-C (Nikon na Sony), yaani fokasi inayomfuata mtu anayesogea, na ubane tundu hadi f/2.8. Giza likiingia, mota huhangaika mbele na nyuma kwa kuwa inatafuta mpaka kati ya cheupe na cheusi; lenga kwa alama ya katikati pale kanzu inapokutana na ukosi wa koti.

Ya mkono nayo ina kazi zake, na naipenda kwa hizo. Mahojiano ya video, bidhaa mezani, kamera ikiwa kwenye stendi: kuza picha mara 10 kwenye skrini ya nyuma, zungusha pete taratibu. Barabarani, 28mm kwenye sensa kubwa, f/8, pete kwenye mita 3.3: kila kitu kuanzia mita 1.6 hadi mbali kabisa kinakubalika, na hakuna mota ya kusubiri.

Anayenunua ya mtumba amulike tochi kupitia lenzi. Nyuzi kama za buibui ni kuvu, na hali yetu ya unyevunyevu karibu na ziwa huilea. Atazame pia visu vya tundu: vikiwa na mafuta vitachelewa kufunga, na picha zitatoka na mwanga kupita kiasi. Nyumbani aihifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa lenye vifuko vya silika vya kufyonza unyevu.

Kwa wauzaji, ombi langu ni dogo. Bandikeni karatasi kwenye kila lenzi: ina mota au haina, inaingia kamera zipi, ina kuvu au haina. Na mteja aruhusiwe kuijaribu kwa kamera yake mwenyewe kabla ya kutoa hela.

Mpigapicha,
Kampala