Roli ngapi za nailoni?

Moiben,
9 Agosti

Ndugu yangu Wekesa,

Salamu nyingi. Nyumbani tu wazima, na yule mtamba uliyemcheka miguu mwezi ujao anazaa, jiandae kuomba radhi.

Umeniuliza ekari moja ya sileji ya mahindi (yale ya kulisha ng'ombe, yanayokatwakatwa na kufungwa yasipate hewa), marobota madogo, inataka roli ngapi za nailoni ya kufungia. Mwaka jana nilimwuliza muuzaji. Akasema roli moja, upana sentimita 25, urefu mita 1,800, inafunga marobota 80. Nikabeba tatu nikijihesabia 240. Zikaisha kwenye la 159. Mahindi yalishakatwakatwa, yamelala kwenye turubai, na asubuhi ukitia mkono kwenye lundo unauchomoa haraka, moto kama uji. Ng'ombe walikula walichoweza, kingine kikaenda kwenye mbolea.

Kusema kweli hakunidanganya. Hiyo 80 ni ya tabaka nne, nami nilifunga sita, maana vipande vya bua vina ncha na nilitaka marobota yanifikishe Machi.

Basi fanya hivi. Mashine ikianza kufunga, hesabu mizunguko mpaka usione tena majani popote. Kwangu ni 8. Ongeza mmoja, 9. Ukitaka tabaka nne zidisha kwa mbili, ukitaka sita zidisha kwa tatu: 27. Robota langu lina kipenyo cha sentimita 55 na urefu wa 52, kwa hiyo mzunguko mmoja (55 na 52, mara mbili) unakula mita 2.14, na 27 zinakula karibu 58. Lakini nailoni huvutwa kabla ya kukaa, mita moja ya roli inazaa 1.7. Gawa 58 kwa 1.7, upate 34. Sasa 1,800 kwa 34 ni 53, na 53 mara tatu ni 159! Nilicheka peke yangu jikoni, mke wangu akadhani nimepagawa.

Huo mvuto upime, usiuamini. Chora alama mbili kwenye roli kwa kalamu ya wino, zikiachana sentimita 10. Zikishakaa kwenye robota ziwe 17. Juzi zangu zilikuwa 14, kumbe gundi imeganda kwenye magurudumu ya mashine yanayovuta nailoni. Kwa mvuto ule roli ingefunga 43 tu.

Shamba lako likitoa tani 15, na robota likiwa kilo 60, hayo ni 250. Ukigawa kwa 53 ni roli 4.7. Nunua tano na moja ya akiba, na uziache ndani ya maboksi yake. Roli ikianguka ikachubuka ukingo, itakukatikia kila mzunguko.

Nijulishe mashine inakuja siku gani, nipande matatu ya alfajiri. Kalamu nitakuja nayo. Usichinje kuku, ugali na mrenda vyanitosha.

Wako,
Kiprono